Biblia haina makosa, lakini tunaitetea vibaya

Nianze na msimamo wangu ili mtu asisome hadi katikati bado anajiuliza huyu yuko upande gani. Mimi naamini Biblia haina makosa. Naamini kile Mungu alichotaka kiandikwe kiliandikwa, kwa mikono ya watu wa kweli wenye lugha zao na tabia zao, na kila jambo ambalo Maandiko yanalithibitisha ni kweli. Sijabadilika na sioni nikibadilika. Kinachonisumbua mpaka nikaamua kuandika ni vile sisi tunaoamini hivyo hapa Uganda tunavyoitetea imani hiyo, manake kwa ninavyoona tunapoteza vijana wazuri sana wakati majibu ya maswali yao yapo, tena yameandikwa zamani, ila hakuna aliyejisumbua kuwapa.

Wale mnaosali ibada za Kiswahili Kampala mnajua zilivyo. Watu wetu ni mchanganyiko. Kuna ndugu zetu waliokimbia vita Kongo wanaoishi Nsambya na Katwe na Makindye, kuna familia za wanajeshi na polisi waliokulia barakisi ambako Kiswahili ndicho kilichokuwa kinatuunganisha, kuna wafanyabiashara wa kutoka Busia na Malaba, na siku hizi wanafunzi wa chuo nao wanakuja. Kila mtu na Biblia yake. Huyu ana ile ya Union Version ya mwaka 1952, yule ana Habari Njema, mwingine ana ya Kifaransa, mama mmoja nyuma ana ya Kiganda, na vijana wote wanasoma kwenye simu. Sasa ukisoma sura moja kwa sauti watu wakifuatilia, tofauti zinajitokeza hapo hapo, huwezi kuzificha hata ukitaka.

Kwenye kikundi kimoja cha kujifunza Biblia, sitasema ni wapi, binti mmoja wa chuo aliuliza swali. Alikuwa amesoma 2 Wafalme 24:8 kwamba Yehoyakini alikuwa na miaka 18 alipoanza kutawala, halafu akafika 2 Nyakati 36:9 akakuta huyo huyo alikuwa na miaka 8. Akauliza tu, sasa alikuwa na miaka mingapi? Hilo ni swali la mtu anayesoma Biblia kwa makini kuliko wengi wetu tunaoibeba tu kila Jumapili. Akaambiwa hiyo ni roho ya mashaka, watu wakamzunguka wakamwombea, na kikundi kikaendelea na somo. Hakurudi tena. Mimi iliniuma sana na bado inaniuma, juu swali lake lina jibu, na jibu lenyewe linaimarisha imani, haliidhoofishi.

Ngoja nieleze kwanza mafundisho yenyewe yanasema nini, manake wengi tunasema "Biblia haina makosa" bila kujua mipaka ya maneno hayo. Mwezi Oktoba mwaka 1978 wachungaji na wasomi zaidi ya 200 walikutana Chicago kule Marekani wakatoa tamko kuhusu Biblia kutokuwa na makosa. Walikuwepo watu kama J. I. Packer, R. C. Sproul, Francis Schaeffer, James Boice na Norman Geisler. Tamko lina vipengele 19, na kila kipengele kina upande wa tunachokithibitisha na upande wa tunachokikana. Huo upande wa pili ndio naupenda zaidi, kwa sababu unakuambia wazi kitu ambacho mafundisho haya HAYASEMI. Tamko lilikuja baada ya ugomvi mkubwa kwenye seminari za kule. Fuller, iliyoanzishwa 1947, ilikuwa imelegeza maneno ya ungamo lake kuhusu Biblia, na mwaka 1976 Harold Lindsell, aliyekuwa mmoja wa walimu wake wa mwanzo, akaandika kitabu kikali kuonya kwamba ukiachia hapo utaachia mengine yote. Watu wakagawanyika. Kwa hiyo Chicago walikaa chini kusema kwa makini: tukisema haina makosa, tunamaanisha nini hasa?

Kuna wanaosema haya yote ni mambo mapya, eti yalitungwa kwenye seminari ya Princeton, Marekani, karne ya 19 na A. A. Hodge na B. B. Warfield, walioandika makala yao maarufu kuhusu uvuvio, yaani Mungu kuwaongoza waandishi wa Biblia, mwaka 1881, na kwamba kanisa la zamani halikuamini hivyo. Jack Rogers na Donald McKim walileta hoja ya namna hiyo mwaka 1979, na John Woodbridge akawajibu 1982 kwa kupitia historia karne kwa karne. Mimi nikisoma pande zote mbili naona Woodbridge ana nguvu zaidi. Maelezo yaliyopangwa vizuri ni ya juzi, sawa, lakini imani yenyewe ni ya zamani, na shahidi ninayempenda ni Mwafrika mwenzetu, Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo uko Algeria. Mwanzoni mwa karne ya 5 alimwandikia Jerome, mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, barua akasema anaamini waandishi wa Maandiko hawakukosea popote, na akikuta jambo linaloonekana kupingana na ukweli basi anajua ni moja kati ya mambo matatu: nakala ina kosa, au mfasiri hakushika maana, au yeye mwenyewe ndiye hajaelewa. Mambo matatu tu! Mtu huyu aliishi miaka zaidi ya 1,500 kabla ya intaneti na tayari alikuwa na njia ya kumjibu yule binti.

Sasa turudi kwa Yehoyakini. Kwa Kiebrania, kama kwa Kiswahili, kumi na nane inaandikwa kwa kutaja nane na kumi. Mwandishi anayenakili kwa mkono akiruka neno moja tu, ile ya kumi, mfalme wa miaka 18 anabaki na miaka 8. Na kuna nakala za zamani za Kigiriki pamoja na tafsiri ya Kisiria ambazo hapo kwenye Nyakati zinasema 18, ndio maana Biblia nyingine mpya zinaandika 18 na kuweka maelezo chini ya ukurasa. Halafu soma 2 Wafalme 24:15, pale anapopelekwa uhamishoni Babeli anapelekwa pamoja na wake zake. Mtoto wa miaka minane ana wake? Tena kuna kitu kingine ambacho kila nikikisoma nafurahi. Wachimbaji wa Kijerumani waliochimba Babeli chini ya Robert Koldewey walikuta vibao vya udongo vya stoo ya mfalme Nebukadreza, vinavyoorodhesha mgao wa mafuta kwa mateka, na mtaalamu Ernst Weidner akavichapisha mwaka 1939. Ndani yake anatajwa Yehoyakini kwa jina, mfalme wa Yuda, pamoja na wanawe watano. Vibao hivyo ni vya mwaka 592 hivi kabla ya Kristo, na Yerusalemu ilisalimu amri 597. Piga hesabu mwenyewe. Kama alikuwa na miaka 8 mwaka 597, basi 592 ana miaka 13 na watoto watano wa kiume, haiwezekani. Kama alikuwa na 18, basi ana 23 na wake kadhaa, inawezekana kabisa. Kitabu cha Wafalme kilihifadhi namba sahihi, na udongo wa Babeli unakiunga mkono. Yule binti angepewa haya yote angeenda nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyegundua kitu.

Hapo tumegusa kipengele cha 10 cha Tamko, kinachosema uvuvio kwa maana kamili ni wa maandishi ya awali, yale yaliyotoka kwa waandishi wenyewe, na kwamba nakala na tafsiri ni Neno la Mungu kwa kadiri zinavyoyafuata kwa uaminifu. Najua wapinzani wanasema nini hapa: maandishi hayo ya awali hayapo, kwa hiyo mnatetea kitabu ambacho hakuna mtu amekiona, mnakimbilia mahali ambapo hamuwezi kukamatwa. Ni hoja nzito na siipuuzi. Lakini angalieni kesi za ardhi za huku kwetu. Hati ya babu imeungua, ila wakili ana kopi, mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa, ana kopi, shangazi kijijini ana yake, na nyingine iliachwa benki. Moja ina namba ya ploti iliyokosewa, nyingine jina limeandikwa vibaya. Ukiziweka zote mezani unajua kosa liko kwenye ipi, manake kopi zilizopita njia tofauti hazikosei zote mahali pamoja, na hakuna hakimu mwenye akili atakayesema kwa kuwa ile ya kwanza iliungua basi babu hakuwa na shamba.

Agano Jipya lina nakala za Kigiriki zaidi ya 5,000, nyingi ni za enzi za kati na nyingine ni vipande tu, lakini kuna za zamani sana pia, mojawapo ni kile kipande kidogo cha Yohana 18 kilichoko maktaba ya John Rylands mjini Manchester ambacho wengi wanakiweka karne ya 2. Upande wa Agano la Kale, mwaka 1947 zilianza kupatikana hati za Qumran karibu na Bahari ya Chumvi, na kati yake kitabu kizima cha Isaya chenye umri wa miaka kama 1,000 zaidi ya nakala kamili za Kiebrania zilizokuwa zinajulikana. Tofauti zipo, nyingi ni za tahajia, chache ni za maneno, na Isaya ni yule yule. Kwa hiyo tukisema maandishi ya awali hatujakimbilia gizani. Tunajua tunachokizungumzia.

Ila uaminifu unatudai kitu hapa. Kama tunasema kipimo ni maandishi ya awali, basi tuwaambie watu kwamba Marko 16:9 hadi 20 haipo kwenye nakala mbili kubwa za zamani, Sinaiticus na Vaticanus, na kwamba habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, nayo haipo humo. Biblia zenye maelezo zinasema hivyo wazi. Mchungaji anayeficha hili akidhani anailinda Biblia, anamwachia mtu wa YouTube afike wa kwanza na kulisema kama siri iliyofichwa na kanisa, na kijana akishaona umemficha moja ataamini umemficha kumi. Semeni nyinyi kwanza, madhabahuni, kwa upole.

Sisi Waganda na Waafrika Mashariki kwa jumla tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuogopa mambo ya nakala na tafsiri, kwa sababu imani yetu ilikuja kupitia hayo hayo. Mwaka 1875 mpelelezi Stanley alipopita Buganda alimwacha kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA Zanzibar, akawa anamsomea na kumfasiria Kabaka Muteesa Maandiko. Wasomaji wa kwanza, kabla Kiganda hakijawa na Biblia, walitumia sehemu za Maandiko kwa Kiswahili. Kisha George Pilkington akishirikiana na Waganda kama Henry Wright Duta wakaikamilisha Biblia ya Kiganda, ikatoka kamili 1896, nene ila yenye upana mdogo ili iingie kwenye kopo la biskuti mchwa wasiile. Mwaka uliofuata Pilkington akauawa katika uasi wa askari wa Kisudani kule Busoga. Watu hao walijua kabisa kwamba tafsiri inaweza kurekebishwa, na waliirekebisha, na hawakuona kwamba kuirekebisha ni kumkosea Mungu.

Nirudi kwenye Tamko, kipengele cha 13, ambacho ningekuwa na uwezo ningekibandika kwenye kila mlango wa kanisa. Kinakana kwamba kutokosea kunavunjwa na mambo kama kukosa usahihi wa kiufundi wa kisasa, sarufi isiyonyooka, kueleza maumbile kama yanavyoonekana kwa macho, kuripoti uongo uliosemwa na mtu, kutia chumvi kwa ajili ya mkazo, namba za kukadiria, kupanga habari kwa mada badala ya tarehe, na kunukuu kwa uhuru. Someni tena polepole. Nusu ya yale yanayorushwa TikTok kama makosa ya Biblia yanaishia hapo. Ile bahari ya kusubu ya Sulemani, yaani birika kubwa la shaba, kwenye 1 Wafalme 7:23, mikono 10 kutoka ukingo hadi ukingo na 30 kuizunguka, mtu anasema eti Biblia haijui hesabu, ilipaswa kuwa 31 na kitu. Jamani, ni namba za kukadiria. Mathayo anafupisha habari ya Yairo akisema binti amekwisha kufa tangu mwanzo, Marko anaisimulia kwa urefu, anakufa wakiwa njiani. Kufupisha sio kudanganya.

Lakini kuna moja ambayo sisi Waswahili tunaiona vizuri kuliko Wazungu, na hapa nataka nikae kidogo. Marko 15:25 inasema ilikuwa saa tatu walipomsulibisha. Yohana 19:14 inasema ilikuwa yapata saa sita, na Yesu bado yuko mbele ya Pilato. Mzungu akisoma inabidi kwanza apige hesabu za saa, sisi tunaona moja kwa moja, saa tatu asubuhi na saa sita mchana, kama saa zetu za kila siku, manake nao walihesabu tangu jua kuchomoza. Na tatizo nalo tunaliona moja kwa moja: inakuwaje awe msalabani saa tatu halafu saa sita bado hajahukumiwa?

Wapo wanaosema Yohana alitumia saa za Kirumi za kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa sita yake ni asubuhi na mapema. Kwa kweli hilo silipendi, ushahidi wake ni mdogo, na ukienda Yohana 4, Yesu anakaa kisimani yapata saa sita akiwa amechoka na safari, hiyo inasomeka vizuri zaidi kama mchana. Wengine wanasema ni kosa la wanakili, kuna nakala chache zenye saa tatu kwa Yohana, ila inaelekea huyo aliyenakili alikuwa anajaribu kusaidia. Mimi ninaloliona lina uzito ni hili: watu hawakuwa na saa za mkononi, mchana waliugawa kwa vipande vikubwa, saa tatu, saa sita, saa tisa, na tukio la katikati ya asubuhi mmoja anaweza kulisogeza kwenye saa tatu na mwingine akalisogeza kwenye saa sita. Yohana mwenyewe ameweka hilo neno yapata. Tukimdai awe na dakika ambazo hakudai kuwa nazo, tumemshtaki kwa kitu ambacho hakukisema. Je, jibu hili linamaliza kila kitu? Pengo la saa tatu kwa saa sita ni kubwa na nakubali kuna watu wataliona bado ni pana. Mimi linanitosha, na ningependa mtu alipime mwenyewe kuliko aambiwe anyamaze.

Na kuna utetezi mwingine ambao unaumiza kuliko hata maswali ya wapinzani. Lindsell huyo niliyemtaja, kwa kutaka kuoanisha Injili nne kuhusu Petro kumkana Yesu na jogoo kuwika mara moja au mara mbili, alikubali maelezo kwamba Petro alikana mara sita. Sita! Hakuna Injili hata moja inayosema sita. Zote nne zinasema mara tatu. Ukitetea Biblia kwa kutunga habari ambayo Biblia haina, hapo unatetea mpango wako kichwani. Namheshimu kwa ujasiri wake wa kuonya kanisa, lakini hapo simfuati, na ninaomba walimu wetu wasilete majibu ya namna hiyo kwa vijana, afadhali kusema hili bado tunalichunguza.

Hata watetezi wenyewe wanapigana kuhusu mipaka. Robert Gundry alitakiwa kujiuzulu kwenye chama cha wanatheolojia wa kiinjili cha Marekani mwaka 1983 kwa sababu alisema Mathayo alipamba baadhi ya habari kwa mtindo wa kufundishia wa Kiyahudi. Michael Licona mwaka 2010 aliandika kitabu kikubwa cha kuthibitisha kwamba Yesu alifufuka kweli kihistoria, ndani yake akasema huenda wale watakatifu waliotoka makaburini kwenye Mathayo 27 ni lugha ya picha, na Geisler akamshambulia vikali kwamba ameikana imani ya kutokosea. Mimi ninasoma Mathayo 27:52 kama jambo lililotokea. Lakini swali la Licona lilikuwa Mathayo alikusudia kusema nini, na hilo ni swali la ufafanuzi, sio kwamba Mathayo amekosea. Kuyachanganya hayo mawili kunatufanya tuwafukuze watu walio upande wetu.

Jambo jingine, na hili nalisikia sana kwenye mihadhara yetu na ndugu Waislamu. Tunaitetea Biblia kana kwamba iliteremshwa neno kwa neno mwandishi akiwa kalamu tu. Hatuamini hivyo! Kipengele cha 8 kinakana kwamba Mungu alizifuta nafsi za waandishi. Luka anaanza kwa kusema amejitafutia usahihi wa mambo yote, alifanya kazi ya utafiti. Paulo kwenye 1 Wakorintho 1 anasema hakumbatiza mtu ila Krispo na Gayo, kisha anakumbuka jamaa ya Stefana, halafu anasema zaidi ya hao hajui kama alimbatiza mwingine yeyote. Amesahau, na Roho Mtakatifu amemwacha aandike kwamba hakumbuki, na ni kweli kwamba hakumbuki. Mimi fungu hilo linanigusa kuliko mafungu mengi makubwa. Ukimwonyesha Muislamu mwenye akili fungu hilo bila aibu na kumweleza sisi tunaamini uvuvio kwa namna hii, mazungumzo yanabadilika kabisa, mnaacha kurushiana namba za mistari.

Sasa niseme lile lililo zito zaidi kwangu. Watu wanafikiri mafundisho ya kutokosea yanampa mhubiri nguvu. Mimi naona yanampokonya. Ukisema Maandiko ndiyo yasiyokosea, umeshasema kwamba pasta anakosea, nabii anakosea, mtume mwenye walinzi na gari refu anakosea, na wote wanapaswa kupimwa. Kipengele cha 5 kinakana kwamba kuna ufunuo wowote wenye mamlaka ya kanuni uliotolewa baada ya Agano Jipya kukamilika. Hapa Uganda hatuwezi kulisoma hilo kwa wepesi. Tarehe 17 Machi 2000 kule Kanungu mamia ya watu walikufa ndani ya moto, watu waliofuata viongozi waliodai kupewa ujumbe na maono kutoka mbinguni. Ujumbe wao haukuwa kwenye Biblia. Waliambiwa watii, hawakuruhusiwa kuuliza. Na mimi naogopa nikisikia mtu anahubiri kwamba Biblia haina makosa halafu dakika mbili baadaye anasema Mungu ameniambia usiku, na ole wake atakayeuliza. Watu wa Beroya walimchunguza hata Paulo, kila siku, Matendo 17:11, na wameitwa waungwana kwa ajili hiyo.

Walokole wa zamani, watu wa ule uamsho wa Afrika Mashariki, walilijua hili. Mwaka 1941 wanafunzi wa chuo cha theolojia cha Bishop Tucker pale Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa, na kati ya mambo waliyoyalalamikia ni mafundisho ya kiliberali yaliyokuwa yanapunguza uzito wa Biblia. Hawakuwa na vyeo, walikuwa wanafunzi wanaowaambia wakubwa wao kwamba Neno liko juu ya wakubwa. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtoto wa uamsho huo huo, alihutubia mkutano wa uinjilisti wa dunia pale Lausanne, Uswisi, mwaka 1974, mkutano uliotoa agano linalokiri kwamba Maandiko hayana kosa katika yote yanayoyathibitisha. Someni sehemu hiyo ya mwisho, katika yote yanayoyathibitisha. Hayo ndiyo maneno yanayotulazimisha kufanya kazi: kabla sijasema Biblia imesema, lazima nijue inathibitisha nini hapa, ni mashairi, ni methali, ni maneno ya marafiki wa Ayubu ambayo Mungu mwenyewe aliyakemea mwishoni?

Na kwa yule dada, kama siku moja utasoma hapa: kipengele cha 19 kinasema kukiri mafundisho haya sio sharti la wokovu. Waliosaini wenyewe ndio walioandika hivyo, ingawa wanaonya kwamba kuyakataa kuna madhara makubwa, na mimi nakubaliana nao kwa yote mawili. Swali lako halikukutoa kwa Kristo. Uliulizia mahali pabaya tu, na waliopaswa kukujibu ni sisi.

Tumeanza kukutana Jumamosi jioni, watu wachache, tunapitia hivyo vipengele kimoja kimoja kwa Kiswahili na kila mtu anafungua Biblia aliyonayo. Jumamosi hii tunachukua Marko 2:26, pale Yesu anaposema Daudi aliingia nyumba ya Mungu wakati wa kuhani mkuu Abiathari, na 1 Samweli 21 inasema kuhani aliyempa mikate alikuwa Ahimeleki, baba yake. Bart Ehrman, msomi wa Agano Jipya wa Marekani, amesimulia kwamba fungu hili ndilo lililoanza kumtikisa alipokuwa mwanafunzi Princeton, kwa hiyo sio la kuchezea. Mje mmesoma 1 Samweli 21 na 22 zote mbili, muone Abiathari anaingia wapi, na mje mmelinganisha na Marko 12:26, pale Yesu anapotaja kitabu cha Musa kwenye habari za kile kijiti, juu wapo wanaosema Marko anatumia namna ile ile ya kutaja sehemu ya Maandiko. Mimi nina jibu ninaloegemea lakini sitalitoa mpaka kila mtu asome lake. Wenye Biblia ya Kinyarwanda au Kilingala tafadhali msikose.